Tamthilia Zinazokatika Njiani

Mwalimu anayewachukua wanafunzi wake kutoka Karatu kwenda Ngorongoro hupita lango la Lodoare, hupanda mlima katikati ya msitu, na afikapo ukingoni mwa kreta huona kando ya barabara mnara wa mawe. Hapo amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani aliyeanguka na ndege tarehe 10 Januari 1959, wakati yeye na baba yake, Bernhard, walipokuwa wakitengeneza filamu juu ya wanyama wa Serengeti. Baba aliikamilisha kazi. Filamu hiyo, Serengeti darf nicht sterben, maana yake Serengeti isife, ilitolewa mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar. Kazi iliyokatwa na mauti ilipata hatima yake.

Mwaka uleule wa 1959 Wamasai walitolewa Serengeti, wakapewa Ngorongoro, eneo lililokusudiwa kuwa la watu na wanyama pamoja. Masimulizi yao hayakupata hatima ya namna ile. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni. Wengine walikataa kuondoka, na mwaka 2024 wakajitokeza barabarani kudai haki zao. Mtu atakayepiga filamu ya watu hawa ataweka wapi neno "mwisho"?

Swali hilo ndilo linalotufanya tuwapendekezee walimu aina ya tamthilia ambayo wengi wao huikwepa: zile za televisheni zilizosimama njiani, na ambazo huenda zisipate mwisho wa haki kamwe. Tunaijua hoja ya wanaozikwepa. Yafaa nini, husema, kumtia kijana shauku halafu kumwacha jangwani? Kisha humwonyesha tamthilia ya Kituruki juu ya Sultani Suleiman, ambayo Azam iliirusha kwa Kiswahili: sehemu 139, kuanzia ujana wa mfalme hadi kaburi lake. Hatuidharau. Bali tunaona hatari yake pale kijana anapozoea kwamba visa vya wageni humalizika, na vyetu hukatika.

Tena vyetu hukatika kwa sababu inayojulikana. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ni miongoni mwa tamthilia zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa katika nchi hii. Bagamoyo yake ni mji wenye harufu ya samaki na chumvi, wala si pazia la kuchorwa. Na Cheche, yule kijana mpiga picha, ni mtu mwenye udhaifu tunaoufahamu. Lakini fedha zake zilitoka Marekani, katika mpango wa kupambana na UKIMWI. Hilo lilikuwa na bei yake katika fani: mara kwa mara mhusika huacha kuongea, na bwana afya akaongea kwa kinywa chake. Baada ya misimu 2 ikasimama. Anayemwachia mfadhili gharama za masimulizi yake humwachia pia kalenda yake, kwani mradi ukifika ukomo, wahusika nao hunyamaza, hata kama wana neno la kusema.

Hata hivyo tamthilia tunayotaka hasa iingie madarasani ni ya majirani zetu wa Kenya. Country Queen ilitoka Julai 2022, ikawa tamthilia ya kwanza ya Kenya kutolewa na Netflix. Ina sehemu 6 tu. Akisa, mwanamke aliyejijenga Nairobi, anarudi kijijini kwao Tsilanga baada ya miaka mingi, na kukuta kampuni ya madini ikiimeza ardhi ya wazazi wake. Tuna malalamiko juu yake. Mkuu wa kampuni ni mwovu kupita kiasi, na kisa cha mapenzi kinakula dakika ambazo wanakijiji wangezihitaji. Lakini jinsi ilivyoonyesha ardhi inavyotoka mikononi mwa watu, kwanza kwa ahadi, kisha kwa karatasi, kisha kwa jirani kumgeuka jirani, hatujapata kuona mfano wake katika televisheni za Afrika Mashariki. Na watu wale husema Kikamba, Kiswahili na Kiingereza kila lugha kwa mahali pake, jambo ambalo mwanafunzi wa Karatu, anayetoka nyumbani na Kiiraqw chake, atalitambua upesi.

Je, sehemu 6 zatosha? Charles Dickens alifariki mwaka 1870 akiwa ameandika sehemu 6 kati ya 12 za riwaya yake ya mwisho, The Mystery of Edwin Drood, nayo ingali inasomwa. Kipimo chetu ni hiki: je, mgogoro umekwisha kuwekwa wazi, na kila mhusika amekwisha kufanya uamuzi mmoja usiofutika? Palipo hivyo, kazi imesimama kwa miguu yake, ingawa haikufika. Pasipo hivyo, ni taharuki tupu, na hatuipendekezi hata ikiwa na sehemu 200.

Mwalimu asiwafiche wanafunzi. Awaambie tangu siku ya kwanza kwamba hadithi itawaacha njiani, kisha awape kuandika sehemu ya 7, kila mmoja kwa ardhi ya kwao. Yule anayetoka Mang'ola, mahali ambapo vitunguu havioti pasipo mfereji, ataanza na maji: nani yuko juu ya mfereji, na nani yuko chini. Aliyezaliwa juu kule, ndani ya hifadhi, pengine atakaa na karatasi yake muda mrefu kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mwalimu asimharakishe.