Ushahidi wa Picha za Ndege za Vita

Watu husema kwamba picha haisemi uongo. Neno hilo ni kweli kwa nusu tu. Kamera hunakili kilichosimama mbele yake, lakini haiwezi kutuambia ni nani aliyekisimamisha pale, wala kwa nia gani. Anayetaka kujua hatari ya nusu iliyobaki na azitazame picha za ndege zilizopigwa Ujerumani mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwaka huo zilienezwa picha za ndege mpya ya vita iliyoitwa Heinkel 113. Ndege zilipangwa safu, kila moja na nembo ubavuni. Na nembo zenyewe zilibadilika kutoka picha hata picha, hata mtazamaji akadhani kwamba vikosi vizima vimekwisha kupewa ndege hizo. Kumbe Heinkel 113 haikuwako kamwe. Zilizopigwa picha zilikuwa Heinkel 100, ndege yenye mbio kwelikweli; moja ya aina hiyo, ikirushwa na Hans Dieterle mwezi wa Machi 1939, iliweka rekodi ya dunia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 746 kwa saa. Hata hivyo jeshi la anga la Ujerumani halikuichagua. Zile za majaribio ziliuzwa kwa Umoja wa Sovieti, nyingine tatu zikaenda Japani, na zilizosalia, yapata kumi na mbili, ziliwekwa kulinda kiwanda chenyewe huko Rostock. Hizo chache ndizo zilizopakwa nembo, zikapigwa picha, kisha zikapakwa nembo nyingine na kupigwa tena.

Basi tuzihukumu picha hizo kwa haki. Kwa ufundi hazina kasoro kubwa: umbo laonekana wazi, na hakuna kiungo cha ndege kilichochorwa kwa mkono wa mdanganyifu. Picha ilisema kweli, kwamba hapa pana ndege ya umbo hili. Uongo ulikuwa katika jina, katika nembo, na katika idadi iliyodokezwa. Na uongo huo ulifanya kazi. Marubani wa Uingereza waliopigana angani mwaka ule ule waliandika katika ripoti zao kwamba wamekutana na Heinkel 113. Yamkini walichokiona kilikuwa Messerschmitt 109. Mimi siwacheki. Mtu anayefukuzwa kwa risasi huona upesi kile alichokwisha kuambiwa kwamba atakiona. Lakini sisi tuliokaa mezani na picha saa nzima, tena kwa amani, tuna udhuru gani?

Dawa yangu ni nyepesi: funika kwa kiganja maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, uanze na umbo. Chukua Hurricane na Spitfire za Uingereza, ambazo watu huzichanganya kila siku, kwani zote mbili zina injini moja, na bawa la chini. Bawa la Spitfire limepinda pande zote mbili na kuchongoka nchani kama jani. Hurricane ina mgongo wa nundu, na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili chake imevikwa kitambaa, hata mistari ya mbavu yaonekana. Zikiwa chini, Hurricane husimama imetanua miguu, na magurudumu yake hukunjwa kwa ndani. Spitfire husimama miguu karibukaribu, nayo hukunjwa kwa nje. Messerschmitt 109 ya namna ya E ina ncha za mabawa kama zilizokatwa kwa msumeno, na fimbo zinazotegemeza bawa dogo la mkia. Namna ya F iliyofuata ina ncha za mviringo, na fimbo hazipo.

Rangi ni shahidi mbaya kuliko wote, ingawa wanafunzi huipenda. Namna moja ya filamu za zamani haikuhisi nuru nyekundu; basi nyekundu ilitoka nyeusi, manjano ikawa giza, na buluu ikafifia. Mduara wa manjano uliozunguka alama ya Waingereza huweza kumezwa hivyo na rangi ya ubavu, na mtu akaapa kwamba haukuwapo.

Kisha kuna kosa la mchapaji, la kuigeuza filamu kushoto ikawa kulia. Penye herufi litajulikana mara moja. Pasipo herufi, tazama Spitfire za mwanzo: rejeta kubwa ya kupozea injini i chini ya bawa la kulia, na kifaa kidogo cha kupozea mafuta chini ya la kushoto. Katika namna ya tisa pande zote mbili zilifanana, hivyo utabaki na kile kijilango cha rubani, ambacho kiko kushoto. Ukikiona kulia, mlaumu mchapaji. Na mistari mipana myeusi na myeupe iliyopakwa mabawani kwa ajili ya kushuka Ufaransa mwezi wa Juni 1944 yatosha kuyakanusha maelezo yanayosema 1940.

Siwaungi mkono, lakini, wale wanaotaka picha za Heinkel 113 zitupwe. Hakuna Heinkel 100 hata moja iliyosalia duniani. Anayetaka leo kujua jinsi ndege ile ilivyokaa chini, na jinsi kioo cha rubani kilivyoungana na mgongo wake, atazirudia picha zizo hizo zilizotengenezwa kwa kudanganya.