Ungo, Maji na Sumaku

Boti ya Minova ikishafunga kamba bandarini Kituku, hapa Goma, na magunia ya maharagi kushushwa, bei haitajwi mpaka mkono umezama ndani ya gunia. Mama anayenunua huchota konzi mbili, akazimwaga kwenye ungo, akausubiri upepo wa ziwa. Anarusha, anadaka. Maganda na vumbi huondoka vyenyewe. Kitu chepesi hakibishani na upepo. Kisha ungo unainama kidogo, kiwiko kinacheza, na vilivyo vizito vinarudi taratibu kuelekea kifuani pake.

Kupepeta, kupembua, kuchekecha, kuchambua: Kiswahili hakikuona kazi moja hapo. Wazee waliotuachia vitenzi hivyo walijua kwamba uzito si ukubwa, na ukubwa si rangi.

Goma, hata hivyo, ina jiwe lenye hila. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji Januari 2002, na kokoto zake tunatembea juu yake kila siku. Nyingi zimejaa vitundu vya hewa, kwa hiyo kokoto ndogo huwa nyepesi kiasi cha kujichanganya na punje bila ungo kushtuka. Ungo ukishindwa, zinabaki kucha na macho. (Jino langu moja la nyuma lina ushahidi wa siku niliyochambua maharagi huku nikisikiliza mpira redioni.)

Mkono huohuo nimeuona kwa wanaoosha madini ya koltani Masisi. Udongo unamwagwa mferejini, beleshi linakoroga kuyapinga maji yanayoteremka. Chembe ya mchanga mweupe ni nzito kuliko maji mara 2.6 hivi, ya koltani huweza kukaribia mara 8. Mchanga unasafiri, koltani inalala. Maji ndiyo upepo wao.

Lakini kasiteriti, yaani madini ya bati, nayo ni nzito, karibu mara 7, na ikilala pamoja na koltani maji hayana la kusema. Ndipo inaitwa sumaku. Ile ndogo ya mkononi inanyakua chembe nyeusi za chuma tu; koltani huvutwa shingo upande, inataka sumaku yenye nguvu ya mashine; kasiteriti haitikisiki kabisa. Uzuri wa kazi hiyo ni kwamba hakuna kinachoyeyushwa wala kuchomwa. Kila chembe inatoka ilivyoingia, ila imejulikana.

Imejulikana kwa jina tu. Koltani ya shimo hili ikishachanganywa na ya shimo lile, ungo haujui, maji hayajui, na sumaku huvuta zote sawasawa, iliyochimbwa kwa amani na iliyochimbwa chini ya bunduki. Ndiyo maana magunia hutakiwa kufungwa lebo mapema, kabla hayajakutana.

Kule Kituku, mama amemaliza. Kokoto saba ziko kiganjani. Anamwonyesha mwenye gunia bila kusema neno, anagonga tako la ungo mara mbili kwa vifundo vya vidole, kisha anataja bei yake.