Data Huria na Istilahi Fumbo: Uhakiki wa Lugha ya Majedwali ya Nishati katika Nyanda za Juu Kusini

Katika miaka ya karibuni taifa letu limepiga hatua kubwa katika kuwaruhusu wananchi kuziona na kuzitumia taarifa za umma. Sheria ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi asilia ilipitishwa mwaka 2015, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ikafuata mwaka 2016. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ikishirikiana na Wakala wa Nishati Vijijini, imefanya tafiti za upatikanaji wa nishati, na Sensa ya mwaka 2022 iliuliza ni nishati gani kaya zinatumia kupikia. Kutokana na kazi hizo yamepatikana majedwali ambayo mtu yeyote anaweza kuyachukua na kuyatumia.

Sisi tunaoshughulika na istilahi tunalipokea jambo hili kwa furaha. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza swali ambalo wachumi na wahandisi aghalabu hawaliulizi: je, majina yaliyomo katika majedwali hayo yanasema kile ambacho namba zake zinakihesabu? Katika makala hii tutalijadili swali hilo kwa kutumia mifano ya mikoa ya Mbeya na Iringa. Tumeichagua mikoa hiyo kwa sababu ndani yake na mipakani mwake mna karibu kila namna ya nishati inayotajwa katika majedwali yetu: kuni, mkaa, makaa ya mawe, umeme wa maji, jotoardhi, na bomba la mafuta.

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Wako wanaosema "data wazi" na wako wanaosema "data huria". Tunaliunga mkono jina la pili. Kitu kilicho wazi huonekana tu. Kitu kilicho huria mtu ana ruhusa ya kukitumia. Tangu mwaka 1992 tunacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na hakuna anayedhani kuwa chuo hicho kiliitwa hivyo kwa sababu majengo yake hayana milango. Kimeitwa hivyo kwa kuwa wengi wanaweza kusoma humo. Lakini tukishalikubali neno "huria" kwa maana hiyo, tumejifunga kwa sharti zito. Data ambayo Katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huko Kilolo au Mbarali hawezi kuifahamu, haijawa huria kwake, hata kama haitozwi senti moja.

Mfano wa kwanza ni "mkaa". Zamani neno hili halikuleta shida. Mkaa ulikuwa miti iliyochomwa katika tanuri la udongo. Makaa ya mawe yalikuwa kitu kingine, yakichimbwa Kiwira, mpakani mwa Wilaya za Ileje na Kyela. Siku hizi Shirika la Madini la Taifa hutengeneza kutokana na makaa ya mawe nishati ya kupikia iitwayo Rafiki, nayo huitwa "mkaa mbadala". Jina hilo hilo hupewa mkaa unaotengenezwa kwa pumba za mpunga, maranda ya mbao na mabaki mengine ya mimea. Neno "mbadala" linatuambia kitu hicho kimechukua nafasi ya nini, bali halituambii ni kitu gani. Jedwali likiweka vyote chini ya "mkaa", hatutajua kama ukataji wa miti umepungua. Likiviweka vyote chini ya "mkaa mbadala", tutakuwa tumechanganya pumba za msimu huu na makaa yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka, ilhali athari zake kwa hewa si sawa hata kidogo. Tunapendekeza yatumike majina matatu: "mkaa wa miti", "mkaa wa mabaki ya mimea" na "mkaa wa makaa ya mawe". Ni marefu, lakini hayadanganyi.

Pamoja na jina kuna kipimo. Majedwali hutaja tani. Sokoni Mafinga au Uyole mtu hununua gunia, debe au ndoo, na gunia lenyewe laweza kuwa la lumbesa. Tena, tanuri la kienyeji aghalabu hutoa mkaa ulio asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wa kuni zilizoingia. Maana yake ni kwamba tani moja ya mkaa imekula tani tano hadi kumi za kuni. Kijiji ambacho, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kina mamlaka juu ya msitu wake, hakiwezi kupanga kibali cha uvunaji kwa kusoma jedwali lisiloeleza kama tani zilizotajwa ni za mkaa au za miti.

Mfano wa pili ni "gesi". Tanzania ina gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, na wananchi wanajivunia rasilimali hiyo kwa haki kabisa. Lakini mabomba yake yanaelekea Dar es Salaam, hayapandi Kitonga. Gesi inayopikiwa Iringa mjini na Mbeya mjini ni gesi ya mitungi, ambayo ni zao la mafuta ya petroli na huagizwa kutoka nje. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Tutakapopima safari hiyo, safu iliyoandikwa "gesi" bila neno jingine itamfanya msomaji adhani kuwa tunatumia mali yetu wenyewe, kumbe tunatumia fedha za kigeni. Hatusemi kuwa gesi ya mitungi haifai. Moshi wake ni mdogo, na afya ya mama aliye jikoni ina thamani kubwa. Tunasema kuwa kujitegemea hakuwezi kupimwa kwa neno lenye maana mbili.

Mfano wa tatu unahusu bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia na kupita katika nchi hii ya milima. Lilianza kazi mwaka 1968, na kwa miaka mingi liliitwa bomba la mafuta ghafi, kwa usahihi. Mwaka 2023 likageuzwa kupitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Walioandika "mafuta ghafi" zamani hawana lawama. Lawama ni ya anayenakili maneno hayo leo katika jedwali jipya. Jambo hili si dogo kwa mkulima ambaye shamba lake limepakana na bomba, kwani dizeli ikivuja hupenya udongoni na kufika kwenye maji kwa namna tofauti na mafuta ghafi mazito, na anayekwenda kuzuia madhara hana budi kujua anakabiliana na kitu gani.

Mfano wa nne ni wa umeme. Mara nyingi tunasoma kuwa bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa Iringa na Dodoma, "linazalisha megawati 80". Megawati 80 ni uwezo wa mitambo, si mazao yake. Mitambo hiyo ikizunguka kwa nguvu zake zote kutwa kucha, saa 24, itatoa megawati-saa 1,920. Maji ya Ruaha Mkuu yakipungua kule Usangu, uwezo utabaki ule ule bali uzalishaji utashuka. Ni sawa na gunia na nafaka: gunia la kilo mia haliwi na kilo mia kama halikujazwa. Anayechanganya "uwezo" na "uzalishaji" hawezi kuuona ukame katika majedwali, na mjadala mzito wa maji kati ya mpunga, wanyamapori na umeme unapoteza ushahidi wake mkuu.

Mfano wa tano ndio unaotutia hofu zaidi, maana sasa unahusu mikataba. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa nchini mwaka 2022, na vijiji vyenye misitu vinafuatwa na wafanyabiashara. Katika maandishi mengi "ukaa", "hewa ukaa" na "kaboni" hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kikemia sivyo. Ukaa ni elementi. Hewa ukaa ni gesi inayopatikana ukaa unapoungana na oksijeni. Gramu 12 za ukaa hutoa gramu 44 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani moja ya ukaa ni sawa na tani 3.67 hivi za hewa ukaa. Kijiji kikielezwa kwa neno moja na kulipwa kwa neno jingine, tofauti ni karibu mara nne. Hapa istilahi imekuwa mizani, na mizani isiyo sahihi ni dhuluma hata kama aliyeishika hakukusudia.

Hata majina ya mahali yanahitaji uangalifu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mbeya ukiwa na watu 2,707,410. Ya mwaka 2022 iliukuta ukiwa na watu 2,343,754. Asiyejua atadhani watu wamehama. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,344,687. Vivyo hivyo Njombe ilikwisha kutengwa na Iringa mwaka 2012. Mtu akilinganisha kuni za "Mbeya" ya jana na za "Mbeya" ya leo, ataona nafuu ya misitu ambayo haikutokea.

Yawezekana baadhi ya wasomaji wakasema kuwa majedwali haya ni ya wataalamu, na wataalamu wanajua Kiingereza. Hoja hiyo haitushawishi. Karani anapoingia katika kaya huko Rungwe au Mufindi huuliza kwa Kiswahili, na hujibiwa kwa Kiswahili. Data hiyo imezaliwa katika lugha yetu kabla ya kuvishwa nguo za kigeni. Kama neno la swali lilikuwa na maana mbili, tafsiri nzuri kiasi gani haiwezi kulisafisha jibu.

Wala hatusemi kuwa Kiswahili kimeshindwa. Tazameni neno "jotoardhi". Limeundwa kwa maneno mawili ambayo kila mtu anayajua, na linaeleza chanzo chenyewe: joto, la ardhini. Utafutaji ulipofanyika Ngozi na Kiejo-Mbaka, mwenyeji aliyezoea kuziona chemchemi za maji moto hakuhitaji kamusi. Istilahi ya namna hiyo humkaribisha mtu katika elimu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkusanyo wa data unaotolewa kwa umma uandamane na faharasa ya Kiswahili inayoeleza maana ya kila safu, kipimo chake, na mipaka ya eneo kwa mwaka uliohusika. Pili, istilahi za nishati zijaribiwe vijijini kabla ya kusanifiwa, zisomwe na wale watakaoulizwa na wale watakaoamua. Tatu, mtu wa lugha awepo dodoso linapoandaliwa, asingoje kuitwa ripoti inapotafsiriwa, kwa kuwa wakati huo hesabu imekwisha.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu, maofisa misitu na makarani wa takwimu walioko Nyanda za Juu Kusini, watuletee maneno wanayoyasikia yakitumika kwa namna mbalimbali za kuni, mkaa na vipimo vyake. Kazi ya kuyapanga tutaifanya. Maneno yenyewe wanayo wao.