"Kadi ya Sauti": Jina na Kazi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoenea upesi kabla ya kupimwa sawasawa ni "kadi ya sauti". Hatuna ugomvi na maneno yenyewe, kwani yote mawili tumekwisha kuyazoea. Kasoro yake ni kwamba yataja umbo la kifaa wala haitaji kazi yake. Na mnunuzi hanunui umbo, hununua kazi.

Jina hilo lilikuwa na haki yake lilipozaliwa. Kifaa kilichoitwa Sound Blaster kilipoanza kuuzwa mwaka 1989, kilikuwa bamba la kuchomekwa ndani ya kompyuta. Siku hizi kompyuta nyingi zina sakiti ya sauti katika bodi yake kuu, na wengi warekodio nyumbani hutumia kisanduku cha nje kiunganishwacho kwa waya wa USB. Hapo kadi haipo. Hata hivyo tafsiri zetu huviita vyote "kadi ya sauti", na msomaji huachwa akidhani kuwa ni kitu kimoja chenye bei mbalimbali.

Kwa hakika kazi ni mbili, na zimeelekeana kinyume. Ya kwanza ni kugeuza tarakimu zilizohifadhiwa ziwe mkondo wa umeme wa kupelekwa kwenye spika. Ya pili ni kugeuza mkondo utokao kwenye maikrofoni uwe tarakimu. Katika sahani ya CD, wimbi hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Asikilizaye muziki tu ahitaji kazi ya kwanza, na kipimo hicho chamtosha. Arekodiye ahitaji ya pili vilevile: biti 24, ili aweze kurekodi kwa kiwango cha chini bila kuhofia sauti kupasuka mwimbaji apazapo ghafula; kikuzi kisicho na mvumo; na, kwa baadhi ya maikrofoni, umeme wa volti 48 upitao katika waya uleule wa sauti.

Tuchukue mfano wa mwalimu atakaye kurekodi usomaji wa utenzi kwa ajili ya wanafunzi wake. Akiambiwa na maelezo kwamba kadi fulani ina "sauti bora", hawezi kujua kama ubora huo ni wa kutoa au wa kuingiza. Zaidi ya hayo, atakuta "tundu la kipaza sauti". Neno hili twalitumia kwa chombo kipokeacho sauti ya msemaji, na pia kwa chombo kiitoacho kwa wasikilizaji. Katika mkutano wa hadhara utata huo haudhuru, kwani vyombo vyote vipo mbele ya macho. Nyuma ya kompyuta, tundu la waridi ni la kuingizia na la kijani ni la kutolea. Jina moja kwa yote mawili ni kosa. Twaona heri "maikrofoni" na "spika", maneno ya kukopa yasiyo na utata, kuliko neno la asili lenye kupoteza watu.

Istilahi nyingine ya kuangaliwa ni ile ya muda upitao baina ya mwimbaji kuimba na kujisikia katika visikizi. Baadhi husema "ucheleweshaji". Lakini kuchelewesha ni tendo la mtu kwa mwingine, na hapa sauti yenyewe ndiyo ikawiayo. "Ukawiaji" wafaa zaidi.

Yumkini tutajibiwa kwamba gari la moshi halikupoteza jina lake moshi ulipotoweka. Ni kweli, lakini abiria hakununua moshi, wala jina hilo halikumpandisha gari lisilo lake. Jina lililochakaa laweza kuachwa maadamu halimpotoshi mtu. Hili lapotosha.

Kwa maoni yetu, "kadi ya sauti" ibaki kwa bamba la ndani peke yake. Kwa dhana pana tungependekeza "kigeuzi". Twajua kwamba "kigeuzi cha sauti" chaweza kudhaniwa kuwa chombo cha kubadili sauti ya mtu. Kwa hiyo tusitegemee neno "sauti", bali tuitumie kauli ya kutendea, ambayo lugha yetu imejaliwa: kigeuzi cha kusikilizia, na kigeuzi cha kurekodia. Hapo mnunuzi ataona katika jina lenyewe kile anachokihitaji.

Mfasiri aandikaye maelezo ya kifaa hazungumzi na wanaisimu. Azungumza na mtu mwenye fedha kidogo mkononi, ambaye kosa la neno litamgharimu fedha hizo. Hilo lapasa kuwa mizani yetu ya kwanza.