Rangi Ikae Mahali Pake

Tandaza kanga yoyote ya Soko la Mbuyuni, Moshi, uangalie pale pindo linapokutana na mji. Ukiona uzi mweupe upande mmoja, na upande wa pili rangi mbili zimepandana, chapa imehama. Wachapaji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, walipambana na tatizo hilohilo katika karne ya 19 walipochapa picha za vipepeo vya mkononi.

Mtu wa Marangu, ambako Julai ni mwezi wa sweta, huenda akashangaa kwamba mchoraji bingwa wa picha za kuchapa kama Hiroshige alichorea vipepeo. Kiangazi cha Edo kilikuwa na joto la jasho, na biashara ya vipepeo ilikuwa nzuri.

Mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji akachimba ubao na kuacha mistari imesimama. Mchoro wenyewe uliangamia papo hapo. Kisha vilichongwa vibao vya rangi, na kila kimoja kikawekewa alama mbili zilezile: kona ya kuegeshea pembe ya karatasi, na ukingo mfupi wa kunyooshea upande wake. Mchapaji aliegesha, akalaza, akasugua mgongo wa karatasi kwa kisuguo kilichovishwa ganda la mwanzi.

Ugumu ulikuwa kwenye maji. Karatasi, iliyotokana na mti wa jamii ya mforosadi, ilichapwa ikiwa na unyevu. Ikikauka katikati ya kazi husinyaa, na hapo kona iliyochongwa kwa ustadi haisaidii kitu. Kwa hiyo unyevu ulilindwa tangu rangi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwishowe karatasi ilikatwa kwa umbo la kipepeo na kugundishwa kwenye mbavu za mwanzi. Vipepeo vilivyotumika vilichakaa, ndiyo maana nyingi ya picha zilizopo kwenye makumbusho ni karatasi ambazo hazikuwahi kukatwa.

Kanga za mwanzo nazo zilichapwa kwa vibao. Kampuni ya van Vlissingen ya Helmond, Uholanzi, ilizitengeneza tangu miaka ya 1880, na baadaye viwanda vya Japani vikaingia soko letu. Kitambaa, tofauti na karatasi, huvutika na hakina pembe ngumu ya kuegesha. Ndiyo maana naipa alama za juu kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, na weupe wa kitambaa chenyewe. Kadiri rangi zinavyopungua, ndivyo nafasi za kukosea zinavyopungua. Kwa mistari myembamba Edo ilishinda; kwa kuficha kosa, kisutu haina mpinzani.