Daraja Lisilo na Wapitaji: Uhakiki wa Insha za Safari

Katika mafunzo ya insha, zoezi linalorudiwa mara nyingi ni lile la kumtaka mwanafunzi aeleze mahali alipotembelea. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, nasi tunaofundisha huku Mudende, juu ya Gisenyi, tumelitoa zoezi hilo mara kadhaa. Katika makala haya twakusudia kulihakiki zoezi lenyewe pamoja na usahihishaji wetu, kwa kuwa tumetambua kwamba tulikuwa tukituza jambo lisilostahili tuzo.

Muhula mmoja tuliwapa wanafunzi picha ya daraja la U Bein, lililoko Amarapura karibu na Mandalay, nchini Myanmar, nchi ambayo zamani ilijulikana kwa jina la Burma. Tuliwataka wajifanye wasafiri waliofika hapo, waeleze walichokiona. Asiyetaka safari ya kubuni aliruhusiwa kuandika juu ya daraja analolijua mwenyewe.

Daraja hilo lastahili kutazamwa. Ni la waendao kwa miguu, lina urefu wa kilometa 1.2 hivi, nalo lavuka ziwa Taungthaman. Lilijengwa yapata mwaka 1850, na hutajwa kuwa daraja la mti wa msaji lililo refu na kongwe kuliko yote duniani. Nguzo zake zapita 1,000. Halikunyooka, limepinda kidogo, na sehemu yake kubwa haina kingo za kushikilia. Mapokeo ya hapo yasema kwamba ufalme ulipohama Inwa na kurudi Amarapura, mbao za jumba la kifalme lililoachwa zilichukuliwa kulijengea daraja hilo, na kwamba U Bein, ambaye jina lake limebaki, ndiye ofisa wa mji aliyeisimamia kazi.

Insha zilizoletwa zilikuwa safi. Ngeli zilikubaliana na nukta zilikaa mahali pake. Karibu zote zilianza na jua la machweo, zikaja kwenye maji yanayometameta, zikaishia kwenye mandhari ya kupendeza isiyo na kifani. Tulizipa alama 16 na 17 kwa 20. Tulipozisoma mara ya pili tuliona kasoro ambayo kalamu yetu nyekundu haikuigusa: hapakuwa na mtu hata mmoja aliyevuka. Waliotajwa walikuwa vivuli tu, na mtawa wa Kibuddha alikuwamo kama pambo, mfano wa ua juu ya meza.

Kosa hilo halikuwa la wanafunzi peke yao. Picha tuliyowapa ni ya aina ile ile inayopigwa na wageni wengi: mpigaji hukaa ndani ya mashua, jua likiwa nyuma ya daraja, na kila apitaye hugeuka kivuli cheusi kisicho na uso. Mwanafunzi aliandika alichopewa. Hapa fani imeyameza maudhui, na mwalimu amepiga makofi.

Je, maudhui ya daraja ni yapi? Ni njia ya watu wa kando ya ziwa, wanaokwenda sokoni, kazini na katika nyumba za ibada. Wakati wa mvua maji hupanda yakazikaribia mbao. Wakati wa kiangazi ziwa hupungua, na wakulima hulima pale yalipokuwa maji, hata daraja likasimama juu ya mimea. Baadhi ya nguzo zimeoza, na nyingine zimebadilishwa kwa zege. Na kama mapokeo yasema kweli, mbao zilizombeba mfalme zimebeba nyayo za raia kwa zaidi ya miaka 170. Hayo yote yangeweza kuandikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kama angeulizwa.

Wala Kiswahili hakikukosa kielelezo cha kumwongoza. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyo wa Safari za Waswahili, ambamo Salim bin Abakari asimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Mtu huyo alikuwa mgeni kuliko sisi sote, lakini alitaka kujua watu wa huko huishi vipi. Na hiyo Burma yenyewe si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana katika bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, hadi Kalewa kando ya mto Chindwin. Kwao ng'ambo ya mto ilikuwa mahali pa kufikiwa, na daraja lilikuwa njia ya kufikia.

Twafika sasa kwenye insha iliyotufanya tuandike haya. Msichana mmoja hakuichukua safari ya Amarapura. Aliandika juu ya magogo mawili yaliyolazwa juu ya korongo chini ya kwao. Alieleza kwamba mama yake huyavuka kila alfajiri akiwa na maziwa kichwani. Kwamba mvua ikinyesha huvua viatu, akavishika mkononi. Kwamba yeye mwenyewe alizijua hatua zake, nazo ni kumi na moja. Kisha akaeleza usiku wa mvua kubwa wa Mei 2023, usiku ule ambao mto Sebeya ulifurika na watu zaidi ya 130 walifariki katika Magharibi na Kaskazini mwa nchi yetu. Kwao hakufa mtu. Magogo yalichukuliwa na maji, na siku kumi na mbili maziwa hayakumfikia mnunuzi.

Aliandika “daraja yetu alienda na maji,” na makosa ya namna hiyo yalijaa ukurasa mzima. Tulimpa alama 9, tukaandika pembeni: “Hakuna maelezo ya mandhari.” Alituletea daftari akasema kwa adabu, “Mwalimu, daraja lilikuwa limekwenda. Ningeeleza nini?” Tulimjibu kwamba asome vizuri maagizo. Jibu hilo linatuaibisha mpaka leo, kwa sababu katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyeeleza daraja.

Huenda wenzetu watasema kwamba uzuri nao una haki yake, na kwamba mwalimu asiyesahihisha ngeli ameiacha kazi yake. Twakubali yote mawili. Machweo ya Taungthaman ni mazuri, na “daraja yetu alienda” ni kosa la kusahihishwa. Tunalopinga ni kumpa alama za juu mtu ambaye hakusema neno, kwa kuwa tu hakukosea, na kumnyima yule aliyesema.

Basi twapendekeza kwamba kabla ya kumdai mwanafunzi vivumishi, tumwulize mambo matatu. Nani hupita hapo? Amebeba nini? Njia hiyo isipokuwapo, hufanyaje? Maswali haya yafaa kwa daraja la kilometa moja na kwa magogo mawili. Yafaa pia kwa soko, kisima, kivuko na kituo cha mpakani. Nusu ya alama iwe ya majibu hayo, nusu ya lugha.

Daftari la msichana yule tuliliomba tena. Tulipigia mstari kila kosa la ngeli, tukaandika usahihi wake juu, kisha tukaifuta 9 tukaweka 15. Maneno yale ya pembeni tumeyafuta pia. Walimu wenzetu wenye insha za namna hiyo katika makabati yao twawaomba wazitoe wazisome upya.