Arturo Martini na Sitiari ya Lugha Mfu

Mnamo mwaka 1945, Arturo Martini, mchongaji wa Kiitaliano aliyezaliwa Treviso mwaka 1889, alichapisha mjini Venice kijitabu La scultura lingua morta, yaani 'Uchongaji, Lugha Iliyokufa'. Hoja yake ya msingi ni kwamba, ilhali uchoraji huweza kushughulikia kitu chochote, uchongaji umefungwa kwenye umbo la binadamu na la mnyama. Ni rahisi kukisoma kijitabu hiki kama tamko la kukata tamaa. Usomaji huo hautoshi.

Kwanza, sitiari hii haiwezi kutengwa na maisha ya msanii mwenyewe. Martini alisifika kwa sanamu za udongo wa kuchoma, na mwaka 1931 alitunukiwa zawadi ya kwanza ya uchongaji katika maonyesho ya Quadriennale mjini Roma. Baadaye kipawa hicho kiliitumikia dola ya Kifashisti: mchongo wake La Giustizia corporativa (1937), ulio katika Jumba la Mahakama la Milan, unaitukuza itikadi ya utawala huo. Baada ya vita alisimamishwa kazi ya ualimu. Kwa hiyo, lugha anayoizika ni ile ya sanamu za kutukuza, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa wasemaji wake hodari. Udhaifu wa kijitabu ni kuishtaki sanaa huku kikimwacha msanii bila kuhojiwa.

Pili, kazi zenyewe zinaipinga hukumu hiyo. Donna che nuota sott'acqua (1941-42), mwanamke wa marumaru asiye na kichwa anayeogelea chini ya maji, hamtukuzi mtawala yeyote. Aidha, Palinuro (1946-47), iliyoko Chuo Kikuu cha Padua, ni kumbukumbu ya mpiganaji aliyeupinga Ufashisti. Hata hivyo, Martini hakuichonga sura ya shujaa huyo. Alimchonga Palinuro, mshika usukani anayepotea baharini katika utendi wa Virgil. Chuo hicho hicho kina sanamu yake ya mwanahistoria Tito Livio (1942). Virgil na Livio waliandika kwa Kilatini, lugha ambayo leo haina mtoto anayeinyonya pamoja na maziwa ya mama, lakini ingali inasomwa.

Martini alifariki Milan mwaka 1947. Palinuro haifuti La Giustizia corporativa. Mhakiki hana budi kuzisoma pamoja. Zikisomwa hivyo, zinadhihirisha kwamba lugha ya sanaa haifi kwa ukongwe wake, bali hufishwa na wanaoikodisha.